Mguu wa Swaumu na Mbuzi wa Hereni za Njano

Nianze na langu, msije mkasema nimejificha nyuma ya mgongo wa mtu. Kaunta buku la mbuzi niliandika mimi. Mwandiko wangu, kalamu yangu, na neno "anahisi" nimeliandika humo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika jina langu mwenyewe. Na mara nyingi kati ya hizo niliandika uongo. Sikujua, ni kweli, lakini kutojua kwangu kulikuwa na kiburi ndani yake, na aliyenivua kiburi hicho ni mwanamke wa darasa la saba kutoka Mkotokuyana, jina lake Swaumu. Hapa Nachingwea wapo wanaomwita mkorofi. Haya, ni mkorofi. Sikilizeni basi ukorofi wake ulikotoka.

Mimi ni Aneth, ofisa mifugo msaidizi, kwetu Makete kwenye baridi. Nililetwa kusini na barua ya uhamisho miaka minane iliyopita, nikalia siku mbili, ya tatu nikaenda kuripoti. Kituo chetu kipo nje kidogo ya mji, mabanda mawili ya bati na uwanja wenye mikorosho minne. Mwaka jana akaja Daktari Gwakisa na utafiti wake. Ni kijana wa Tukuyu, msomi, mpole wa kuongea, shati limenyooka hata saa nane mchana. Utafiti wenyewe ulikuwa wa sindano ya ganzi, ile inayochomwa mgongoni karibu na mkia ili mbuzi afe ganzi upande wa nyuma, apasuliwe bila kuteseka. Jambo jema kabisa. Mbuzi akishindwa kuzaa kijijini kwetu huku mwisho wake huwa ni kisu, na sindano hiyo ingewaokoa wengi.

Mbuzi walikuwa ishirini na nne. Kumi na wawili walichomwa dawa ya nguvu ya kawaida, wakavishwa hereni za bluu. Kumi na wawili walichomwa dawa ileile lakini kali, inayokaa muda mrefu zaidi, hao wakavishwa hereni za njano. Swali lilikuwa moja tu: ganzi ikiisha, mishipa ya fahamu inarudi salama, au dawa kali inaiumiza? Basi kwa wiki nane, kila asubuhi saa mbili, nilivaa koti langu jeupe, nikachukua kibano cha chuma, nikawabana miguu ya nyuma mmoja mmoja. Mbuzi akivuta mguu naandika "anahisi". Dawa kali ikifaulu ingegawiwa kwa maofisa mifugo wa wilaya mbili, Nachingwea na Ruangwa, ianze kutumika vijijini.

Swaumu alikuwa mhudumu. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kulisha, kufagia na kumshika mbuzi wakati mimi nabana. Tulimwita Mama Hajra, kwa jina la binti yake ambaye siku hizi ameolewa Likunja. Mwanamke mfupi, mkavu, sauti kama ya mtu anayegombana hata akiomba chumvi. Baba yake alikuwa mfugaji wa mbuzi Mkotokuyana, na baba huyo alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: mnyama hashikwi mguu kabla hajaambiwa. Kumshika mnyama kwa kumvizia ni tabia ya fisi, alisema mzee. Basi Swaumu hakujali namba zetu, kila mbuzi alimpa jina. Namba tisa, wa hereni ya njano, alikuwa Shangazi, kwa sababu alipenda kusukuma wenzake na kula kwanza. Na kila nilipofika na kibano, Swaumu alimpapasa mbuzi shingoni akamwambia, "Samahani mama, unabanwa." Mimi nilicheka. Daktari Gwakisa naye alicheka, akasema huyu mama ana heshima kuliko watu wa ofisini.

Sasa huo mguu wake. Swaumu alivaa buti za mpira, jua linapasua mawe yeye yuko ndani ya buti. Jioni kabla ya kuondoka alikaa kwenye kiti cha banda, akavua buti la kushoto, akaukagua unyayo wake kama mtu anayetafuta chawa. Nilimuuliza siku moja, kwa umbea tu. Akaniambia kwamba miaka kumi na tisa iliyopita alijifungua kwa upasuaji, mtoto alikuwa amekaa vibaya, akachomwa sindano ya mgongo. Yeye na Hajra walitoka wazima. Ganzi ikaondoka kiunoni, ikaondoka mapajani, ikaondoka mguu wa kulia. Kwenye unyayo wa kushoto haikuondoka. Aliporudi kliniki wakambana kidogo huku anatazama, akashtuka kwa woga, wakamwambia mbona unahisi, nenda nyumbani mama. Mama mkwe wake akasema anaburuta mguu ili asiende kulima ufuta. Mume wake, Rashidy, akasema ni jini, akampeleka kwa mganga, mganga akamchanja, na Swaumu hakuhisi chale hata moja, na bado mganga akasema amepona. Halafu siku moja akiwa jikoni akasikia harufu ya nyama inaungua. Akafunua chungu, mna mboga za majani tu. Alikuwa amekanyaga kaa la moto.

"Hata baada ya hapo waliniambia natafuta huruma," alisema, akavaa buti lake.

Na mimi nilifanya nini? Nilimwambia pole, nikaangalia simu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wiki ya saba, siku ya Ijumaa, hatukuwa na kibano kwa sababu daktari alikwenda Lindi. Mbuzi walikuwa wamelala wanacheua kivulini. Swaumu akaja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, akasema nzi wametulia. Nikamuuliza nzi gani tena. Akanishika mkono, mimi na madaraka yangu yote, akanipeleka uwanjani kama mtoto aliyevunja kikombe. Akanionyesha miguu ya mbele ya Shangazi. Nzi akitua, ngozi inatikisika, nzi anaruka. Kisha akanionyesha mguu wa nyuma. Nzi wanne walikuwa wamekaa juu ya kidonda kidogo cha waya pale chini ya goti, wanakula raha mustarehe, na ngozi haitikisiki hata chembe.

Nikamwambia asinichanganye, jana tu Shangazi alivuta mguu, nimeandika. Alivuta kabla au baada ya kibano, akaniuliza. Aisee, lilinikaa. Kwa sababu nilipojaribu kukumbuka, nilimwona Shangazi anavuta mguu, na nikaona kibano changu kiko hewani.

Swaumu akavua kanga aliyojitanda mabegani, akamfunga Shangazi macho. Hakumpapasa. Hakusema samahani. Akanipa ishara. Nikambana mguu wa nyuma, nikabana mpaka vidole vyangu vikaniuma. Shangazi aliendelea kucheua. Tukawafunga macho wengine watano wa njano, mmoja mmoja, na watatu kati yao walikuwa vilevile. Wiki saba nimekuwa naandika woga wa mbuzi na kuuita hisia. Waliliona koti jeupe, walisikia ile "samahani, unabanwa", wakajua kinachofuata, wakavuta mguu hata usiojua kitu.

Swaumu alikuwa ameinama, mikono magotini. Nilidhani atafurahi kwamba amenishinda. Alikuwa analia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujilaumu. Alisema yeye ndiye aliyewafundisha. Adabu ya baba yake ndiyo iliyoharibu utafiti, na kama ataisema hadharani basi atakuwa amejifukuza kazi kwa mdomo wake, na asipoisema dawa itakwenda mpaka Narung'ombe na Likunja na kila mbuzi atakayebaki na ganzi ataambiwa anahisi. "Kama mimi," alisema. Akafuta uso kwa mkono, akaanza kukunja kanga.

Jumatatu tulimwambia Daktari Gwakisa. Nitamtendea haki: alisikiliza. Kisha akasema kwa upole wake ule kwamba mbuzi aliyefungwa macho hupigwa na butwaa, hatikisiki hata akibanwa, kwa hiyo jaribio la kanga halina maana. Nilikuwa naanza kukubali, mwenzenu, maana amesoma na mimi ni msaidizi. Swaumu akamuuliza kama butwaa huwa linaingia miguu ya nyuma peke yake. Daktari hakuelewa. Swaumu akamfunga Shangazi macho palepale, akachukua kibano mezani, akambana mguu wa mbele, na Shangazi akaruka nusura aangushe meza. Akambana wa nyuma. Kimya. Kisha akakirudisha kibano juu ya makaratasi ya daktari.

Daktari alikunja uso. Akasema ripoti imeshaandikwa, wageni kutoka Dar wanakutana na maofisa wa wilaya zote mbili ukumbini Ruangwa siku ya Alhamisi, na utafiti haubadilishwi siku tatu kabla kwa sababu ya nzi. Akasema ataandika tukio hili kama angalizo, chini kabisa. Halafu, bila kumtazama Swaumu, akakumbusha kwamba mikataba ya wahudumu inaisha Juni na atakayependekeza majina ni yeye.

"Basi lifute langu sasa hivi, daktari," Swaumu alisema, "ili Alhamisi usiseme nilikuvizia."

Alhamisi mimi nilipanda gari la ofisi pamoja na daktari, nimekaa na kaunta buku mapajani. Swaumu hakuwa na nafasi kwenye gari la ofisi, wala hakuiomba. Alikodi kirikuu cha mtu anayebeba mkaa, akapanda nyuma na mbuzi wawili, Shangazi na mmoja wa bluu. Tulifika Ruangwa sisi kwanza. Projekta ilikuwa imewashwa, slaidi ya tatu inasema mbuzi wote ishirini na nne wamerudiwa na hisia kamili, na chini yake kuna picha ya mwandiko wangu. Nikataka ardhi ipasuke. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, na kabla ya mtu kuingia ukaingia mlio wa mbuzi.

Ukumbi ulicheka. Mlinzi alimkimbilia. Swaumu, vumbi la mkaa usoni, kamba mbili mkononi, alimwambia mlinzi amshike kama anaweza, lakini mbuzi wa njano ana ganzi na akimkanyaga hatajua. Aliyeongoza wageni alikuwa mwanamke mtu mzima, Profesa Rahel, miwani imening'inia kifuani. Akanyanyua mkono, mlinzi akasimama. Akauliza mama huyu ni nani.

Daktari Gwakisa akaanza kueleza kwamba ni mhudumu, kuna kutoelewana kidogo. Hapo maji yalinifika shingoni. Nikasimama. Nilisema mwandiko ule pale ukutani ni wangu na mimi siuamini. Sauti ilinitoka kama ya kuku, lakini ilitoka.

Swaumu hakuanza na daktari. Alianza na nafsi yake. Alieleza ukumbi mzima, kwa Kiswahili chake kizito cha Kimwera, jinsi alivyokuwa anawaomba mbuzi samahani kila asubuhi na jinsi mbuzi walivyojifunza. Alisema nusu ya kosa ni lake na haliogopi. Watu walicheka tena, safari hii kidogo. Profesa Rahel hakucheka. Alishuka jukwaani, akaomba kanga, akaomba kibano, akakishika mwenyewe. Mbuzi wa bluu alivuta miguu yote minne. Shangazi alivuta ya mbele. Mguu wake wa nyuma profesa aliubana mara tatu, na ukumbi ule wenye maofisa mifugo wa wilaya mbili ukawa unasikiliza mbuzi anacheua. Projekta ikazimwa. Daktari Gwakisa akakaa kwenye kiti cha karibu, na nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeamini jibu alilolitaka, na mimi nilimsaidia kwa kalamu.

Niwaambie kabisa yaliyofuata ili nisiyaweke mwisho, maana mwisho si mahali pake. Dawa kali ilisimamishwa. Vipande vya mishipa vilipelekwa kupimwa, na majibu yalikubaliana na nzi. Dawa ya nguvu ya kawaida iliendelea, na sisi wenyewe tunaitumia, ni nzuri. Juni ilipofika mkataba wa Swaumu haukuongezwa, na hakuna aliyetoa sababu. Alirudi Mkotokuyana, anafuga. Watu wanaomwita mkorofi wanampelekea mbuzi wao wagonjwa kabla ya kuja kwangu.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni cha Ijumaa, siku moja baada ya Ruangwa. Profesa Rahel alikuja Nachingwea kuwapima wote. Hakuna koti jeupe, hakuna samahani, kanga machoni, profesa na kibano, mimi na kaunta buku kwenye ukurasa mpya, Daktari Gwakisa amesimama pembeni. Ilichukua asubuhi nzima. Bluu kumi na wawili wote wanahisi. Njano kumi na wawili, saba hawahisi. Niliandika mistari ishirini na nne, na kwa kila "hahisi" nilijisikia msafi kidogo kidogo.

Tulipomaliza, profesa alimuuliza Swaumu aliwezaje kuwaona nzi wakati wataalamu wawili walikuwa hapohapo. Swaumu akakaa kwenye kile kiti cha banda, akavua buti la kushoto. Akasimulia kwa kifupi, Hajra, sindano, kaa la moto. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kama mtaalamu mkweli anavyojibu, kwamba baada ya miaka kumi na tisa hakuna anayeweza kusema kama ni dawa, au ni sindano yenyewe, au ni mtoto alivyokaa vibaya, na kwamba wengi sana huchomwa sindano ile wakapona salama.

"Sijauliza sababu, mama profesa," Swaumu alisema. "Ile sindano imenipa mtoto, sina ugomvi nayo. Nauliza kama unaniamini."

Kabla profesa hajafungua mdomo, Swaumu alikuwa ameshachukua kanga kutoka shingoni kwa mbuzi wa mwisho, imejaa manyoya na mate, akajifunga macho mwenyewe, fundo kisogoni. Akanyoosha miguu yote miwili. Akasema abanwe, na asiambiwe ni upi wala lini.

Profesa Rahel alinitazama, akamtazama Daktari Gwakisa. Kisha akapiga goti kwenye samadi na suruali yake ya Dar. Akabana unyayo wa kushoto. Swaumu alikaa anasubiri, uso umenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Profesa akabana kwa nguvu zaidi, ngozi ikawa nyeupe. Swaumu akauliza kama wameanza.

Profesa akahamia mguu wa kulia, akagusa tu chini ya goti, juu kidogo ya buti, na Swaumu akarusha teke.

"Huo mzima!" alisema. "Usiniulie na huo."

Profesa alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Swaumu, bado kanga iko machoni, akageuza uso upande niliokuwa nimesimama.

"Aneth, andika."

Daktari Gwakisa alikohoa. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba lile ni daftari la mbuzi, kumbukumbu za utafiti, mstari wa mtu ukiingia humo ukurasa mzima utakataliwa, afadhali niandike kwenye karatasi ya pembeni. Alikuwa na hoja. Mimi nilikuwa nimeshaandika hoja za watu wiki nane nzima. Nikamwambia, samahani daktari, unabanwa.

"Umeandika?" Swaumu akauliza.

"Nimeandika, Mama Hajra."

"Soma."

Nikasoma. Namba ishirini na tano. Swaumu binti Halfani, wa Mkotokuyana. Mguu wa nyuma hana, ana wa kushoto. Umebanwa mara mbili, macho yamefungwa. Hahisi.

Hakufungua kanga. Alikaa hivyo na miguu yake imenyooka mbele yetu, mmoja una buti, mmoja hauna.

"Soma tena," alisema.